Monita moja kwa hesabu na michezo: mambo ya kukagua

KAMPALA - Monita ya bei ya juu yaweza kutumika mchana kwa ankara na usiku kwa michezo ya kompyuta. Mnunuzi asipokagua, hulipia uwezo asioweza kuutumia.

Ukubwa: Inchi 27 zenye nukta 2560 kwa 1440 huonyesha maandishi safi. 4K ina nukta 3840 kwa 2160, zaidi ya mara mbili, hivyo michezo hudai kadi ya picha yenye nguvu.

Kasi: Ofisini herzi 60 zatosha; kwa michezo, 144 ni bora. Katika 4K, HDMI 2.0 huishia herzi 60. Kwa 120 itafutwe HDMI 2.1 au DisplayPort 1.4.

Kioo: IPS hufaa kazi zote mbili. OLED ina weusi halisi, ila jedwali linaloachwa wazi kutwa, siku hadi siku, laweza kuacha alama ya kudumu.

Forodha: Monita ya kompyuta huorodheshwa namba 8528.52, televisheni ya rangi 8528.72. Yenye kipokeo cha matangazo huhesabiwa televisheni. Hati ziandikwe sawasawa. VAT ni asilimia 18.

Kabla ya kulipa, iwashwe dukani kwa rangi moja moja ili nukta zilizokufa zionekane.