Kifua cha Mama na Uhai wa Mtoto Njiti: Matokeo ya Utafiti Uliofanyika Muhimbili na Maana Yake kwa Wananchi wa Bukoba na Muleba

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano nchini vimeshuka hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000, kutoka 67 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Hata hivyo, vifo vya watoto wachanga, yaani wale walio katika siku 28 za kwanza za maisha, vilikuwa 25 na sasa ni 24. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya watoto wanaofariki kabla ya kutimiza miaka mitano hufariki ndani ya mwezi wa kwanza, na miongoni mwa sababu kubwa ni kuzaliwa kabla ya wakati.

Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito. Mapafu yake huwa hayajakomaa, ngozi yake ni nyembamba na mafuta ya kuhifadhi joto ni machache, hivyo hupoa haraka hata katika chumba ambacho mtu mzima anaona kina joto la kutosha. Mtoto aliyepoa hutumia nguvu nyingi kujipasha joto, sukari katika damu hushuka, hupumua kwa shida na hushindwa kunyonya. Katika mkoa wa Kagera, hususan ukanda wa Bukoba ambako mvua ni nyingi na asubuhi huwa na ubaridi, safari ya mtoto huyo kutoka zahanati ya kijijini hadi hospitali inaweza kumdhuru kuliko kuzaliwa kwenyewe.

Huduma ya kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, inayofahamika kama huduma ya kangaruu, ilianzishwa mwaka 1978 mjini Bogotá, Kolombia, na Dkt. Edgar Rey Sanabria, katika hospitali iliyokuwa na watoto wengi na vifaa vichache. Kwa miaka mingi mwongozo wa kimataifa ulielekeza huduma hiyo ianze baada ya hali ya mtoto kutengemaa. Kabla ya hapo mtoto aliwekwa katika mashine ya joto, na mama alibaki wodi nyingine. Tatizo ni kwamba watoto njiti wengi hufariki katika siku za mwanzo, kabla ya kufikia hali hiyo ya kutengemaa. Huduma iliyothibitika kuokoa maisha ilikuwa ikiwafikia wale waliokwisha kupita hatari kubwa.

Swali hilo ndilo lililoshughulikiwa na utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kati ya mwaka 2017 na 2020 katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Kwa upande wa Tanzania ulifanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 waligawanywa katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja liliwekwa kifuani mwa mama mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, na kundi la pili lilipata huduma ya kawaida hadi hali ilipotengemaa.

Katika kundi la kwanza walifariki asilimia 12.0 ndani ya siku 28, na katika kundi la pili asilimia 15.7. Tofauti hiyo ni sawa na pungufu la takriban robo ya vifo. Kamati huru iliyosimamia usalama wa washiriki ilishauri uandikishaji usitishwe kabla ya wakati, kwa kuwa haikuwa sahihi kuendelea kuwanyima watoto wa kundi la pili huduma ambayo manufaa yake yalikwisha kuonekana. Matokeo yalichapishwa mwezi Mei, 2021, na mwezi Novemba, 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake: huduma ya kangaruu ianze mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Wanaosubiri ni watoto wasioweza kupumua wenyewe baada ya kusaidiwa, walio katika mshtuko au wanaohitaji mashine ya kupumulia.

Ieleweke kwamba watoto wa Muhimbili hawakuachwa na kifua cha mama peke yake. Walipata oksijeni, dawa na uangalizi wa wauguzi wakiwa wamebebwa. Jambo jipya lilikuwa kumweka mama ndani ya wodi ya watoto mahututi, pamoja na mtoto wake, badala ya kumwita kwa saa za kunyonyesha. Kwa hospitali nyingi hilo ni suala la nafasi, vitanda na mazoea ya kazi, na mazoea huenda yakawa magumu kuliko vitanda.

Katika kundi la kwanza, muda wa kati wa kumbeba mtoto ulikuwa karibu saa 17 kwa siku. Hakuna mama anayeweza kuufikia muda huo huku akipika, akichota maji na kupalilia kibanja. Ndiyo maana pale mama alipougua au kuchoka, ndugu aliyeteuliwa alimpokea mtoto kifuani. Bibi, shangazi au baba wa mtoto anaweza kufanya hivyo, mradi awe msafi na mwenye afya, na mtoto avalishwe kofia, soksi na nepi tu, kisha afungwe kwa khanga iliyokaza vizuri.

Matokeo hayafanani kila mahali. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 na uliojumuisha hospitali ya Masaka, mji ulio katika barabara ya kutoka Bukoba kupitia Mutukula, uliwahusisha watoto 2,221 ambao hali zao zilikuwa bado hazijatengemaa. Haukuonesha tofauti ya wazi ya vifo katika siku saba za kwanza. Hoja ya kuanza mapema haijabatilika kwa hilo, ila ni ukumbusho kwamba kwa mtoto aliye taabani zaidi, kifua cha mama kinahitaji kuungwa mkono na huduma kamili ya hospitali.

Hali ni hiyo kwa sindano za kukomaza mapafu anazopewa mama mwenye uchungu wa mapema. Utafiti wa mwaka 2020 uliohusisha Kenya na nchi nyingine nne ulithibitisha kuwa zinapunguza vifo, lakini katika hospitali zenye uwezo wa kumhudumia mtoto njiti na pale umri wa mimba unapofahamika kwa uhakika. Kwa sababu hiyo mjamzito hana budi kuanza kliniki mapema, kwani tarehe isiyojulikana humnyima daktari msingi wa uamuzi.

Kwa Muleba lipo jambo jingine. Malaria katika ujauzito hushambulia kondo la nyuma na ni chanzo kinachojulikana cha uchungu wa mapema na uzito mdogo. Ni katika wilaya hiyohiyo ambako watafiti walijaribu vyandarua vilivyoongezwa kiambata cha kushinda usugu wa mbu. Baada ya miezi tisa, maambukizi miongoni mwa watoto yalikuwa asilimia 29 kwa waliotumia vyandarua hivyo na asilimia 42 kwa waliotumia vya kawaida. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2018, haukupima watoto njiti. Hata hivyo, chandarua pamoja na dozi zisizopungua tatu za SP kuanzia wiki ya 13 ya ujauzito ni kinga ambayo kila zahanati inaweza kuitoa.

Mama anayepata dalili za uchungu kabla ya wakati, zikiwemo maumivu ya tumbo yanayojirudia, kutoka maji au damu, anatakiwa kufika kituo cha afya bila kusubiri kupambazuke. Wakazi wa visiwa vya Goziba, Bumbire na Ikuza, ambao hutegemea mitumbwi na hali ya Ziwa Victoria, wanashauriwa kuhamia karibu na hospitali mapema wanapokuwa na mimba ya mapacha au historia ya kujifungua njiti. Usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga hupatikana kupitia mfumo wa m-mama kwa kupiga namba 115 bila malipo. Mtoto asafiri akiwa kifuani mwa mama, si ndani ya blanketi lililowekwa kando yake.