Jina la Ugonjwa Lilifika kwa Kuchelewa

Ninaandika juu ya ulemavu unaompata mtoto pale mama anapokunywa pombe akiwa na mimba. Kiswahili hakina jina lake la kawaida. Kifaransa kinalo, tena Wafaransa ndio waliotangulia, na bado hapa Bujumbura, mji ambao madaktari wake wanasoma na kuandika Kifaransa, tulitafuta miaka mitatu kabla ya mtu kulitamka mbele yetu.

Mwaka 1957, mjini Paris, Jacqueline Rouquette alieleza watoto wa namna hii katika tasnifu yake ya udaktari. Mwaka 1968, mjini Nantes, daktari wa watoto Paul Lemoine na wenzake wakachapisha habari za watoto 127 waliozaliwa na wazazi walevi: miili midogo, sura zinazofanana, akili nzito, kutotulia. Hawakusikika mbali. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith, huko Seattle, Marekani, wakaeleza watoto wanane tu, lakini kwa Kiingereza, katika jarida la The Lancet, na dunia ikageuka kusikiliza. Siye wakimbizi hatushangai. Anayeandikwa ni yule aliyesema kwa lugha ya ofisi.

Walichokiona ni hiki. Pombe haibaki kwa mama, inapita hadi kwa mtoto tumboni, na ini lake changa haliwezi kuiondoa. Ubongo unajengwa miezi yote tisa, basi unaweza kuumia mwezi wowote. Sura inaumia katika wiki za mwanzo tu: mdomo wa juu mwembamba, mfereji wa chini ya pua umelainika, macho madogo. Ndiyo maana watoto wengi wenye ulemavu huu wana sura kama ya mtoto yeyote, na watu wanasema ni mkaidi, ni mwizi, amelogwa.

Wako wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Waulize habari za Rasi Magharibi, Afrika Kusini, kwenye mashamba ya mizabibu ambako kwa vizazi vingi wafanyakazi walilipwa sehemu ya mshahara kwa divai. Huko viwango vilivyopimwa ni kati ya vikubwa kabisa duniani. Na sisi? Warundi wana urwarwa na impeke, Kivu tuna kasiksi na kanyanga, na bia ya chupa inatoka kiwandani hapa hapa mjini tangu Brarudi ilipoanzishwa mwaka 1955, mji ukiitwa bado Usumbura. Huwezi kuposa bila pombe, huwezi kupatanisha majirani bila pombe. Mama akikataa kibuyu, anaonekana ana dharau.

Dada yangu mdogo ameniruhusu niandike, bila jina. Alikuwa muuza kanyanga Uvira. Hakuwa mlevi. Lakini mnajua desturi: muuzaji anaonja kwanza mbele ya mteja, kuonyesha hakuna sumu. Wateja kumi, kuonja mara kumi. Hakuna aliyemwambia, si mkunga, si kanisani. Tulivuka Kavimvira kuja Gatumba akiwa na mimba ya miezi sita.

Mtoto sasa ana miaka tisa. Unamfundisha kuhesabu mpaka tano leo, anaweza. Kesho hakuna kitu. Anampa mtu yeyote chakula chake, anamfuata mtu yeyote anayemwita. Shule moja ilimfukuza. Zahanati moja ilimpa dawa za kifafa, naye hajawahi kuanguka. Chumba kimoja cha maombi kilimfungisha siku tatu. Mwishowe mtaalamu mmoja, mwanamke mtulivu, akauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza: mama alikuwa anakunywa nini wakati wa mimba? Alimtoa kila mtu nje kwanza. Hilo niliheshimu. Swali hilohilo likiulizwa kwenye foleni, mbele ya majirani, mama atasema sikunywa hata tone, na mtoto atarudi nyumbani bila jina tena.

Mji huu una Kituo cha Magonjwa ya Akili cha Kamenge, kinachoendeshwa na shirika la watawa, Mabruda wa Upendo, na watu wanafika pale kutoka mikoa yote. Lakini msiende popote mkitafuta dawa ya ulemavu huu, maana hakuna dawa inayorudisha ubongo ulioumia. Kinachofaa ni mafunzo, tena zaidi kwa sisi tunaomlea. Neno moja kwa wakati mmoja: "leta kikombe", basi, usiongeze "halafu uoshe mikono". Siku iwe na mpangilio uleule, kuoga kabla ya chai, kila siku. Kitu mkononi kuliko maneno hewani. Fimbo haifundishi, kwa kuwa haungi fimbo ya leo na kosa la jana. Masikio na macho yapimwe. Ukimweleza haya mwalimu mwenye subira, hata asipolijua jina la ugonjwa, anaweza kuanza kesho asubuhi.

Kuna jambo moja nataka wafanyakazi wa mashirika walisome mara mbili. Ann Streissguth, wa Seattle pia, na wenzake walifuatilia watu 415 wenye ulemavu huu. Waliojua mapema wana nini, na waliolelewa katika nyumba tulivu isiyobadilikabadilika, ndio waliopona zaidi na matatizo ya baadaye: kufukuzwa shule, polisi, ulevi wao wenyewe. Nyumba isiyobadilika! Tangu azaliwe, mtoto wetu amelala chini ya mapaa sita.

Sasa tunakaa Buyenzi. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, anamfundisha kila asubuhi, kwenye kiti kilekile, na amefika saba bila kusahau. Msaada mwingi uko kambini, mjini tunajitegemea, na jina la dada yangu liko kwenye orodha ya wanaotakiwa kuhamia kambini. Tumeandika barua kuomba abaki na mwalimu huyo angalau mwaka mmoja, au, ikibidi kwenda, apewe mtu mmoja kule, huyohuyo kila siku. Barua imepokelewa na kupigwa muhuri. Jibu bado.