Hekalu Lisilo na Mlango

Tunapotaja mahekalu ya kale, mawazo hukimbilia Misri: nguzo za Karnak, au masanamu ya Abu Simbel, ambayo kati ya mwaka 1964 na 1968 yalikatwa vipande na kuhamishwa yasimezwe na maji ya bwawa la Aswan. Ni vizuri kuyajua hayo. Lakini ile barabara ambayo wakoloni walitamani ianzie Cape Town na kuishia Cairo inapita Dodoma, Kondoa na Kolo. Na hapo Kolo, katika mkoa wetu wenyewe, pana mahali pa ibada ambapo wengi wetu tumepapita tukisinzia ndani ya basi.

Nilipanda kilima cha Mongomi wa Kolo wakati wa kiangazi, nikiongozwa na mzee mmoja mwenyeji. Njia ya gari ikiisha, mtu hupanda kwa miguu kati ya mawe makubwa mpaka afike chini ya mwamba ulioinama kama paa. Hakuna mlango wala nguzo. Ukutani wamechorwa kwa rangi nyekundu wanyama wa porini, na watu warefu, wembamba, wenye vichwa vikubwa kama waliovaa vinyago. Mzee alivua kofia yake kabla ya kusogea. Nami nikavua yangu.

Michoro hiyo ni ya maelfu ya miaka. Wataalamu wengi huihusisha na wawindaji wa kale, ambao huenda Wasandawe na Wahadzabe wa leo ni wajukuu wao. Ile myeupe ni ya baadaye, ya wakulima na wafugaji. Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis walipiga kambi sehemu hizi, na Mary akainakili michoro kwa mamia.

Mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza maeneo ya michoro ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa sababu mbili: kwamba ni ushahidi wa maisha ya kale, na kwamba wenyeji bado hufanya matambiko hapo. Nchi yetu hii ya kati ni ya mvua chache. Mvua ikikawia, au ugonjwa ukizidi, wenyeji hupanda na mbuzi wa kuchinja na pombe ya mtama. Pombe hiyo imekuwa ikirushwa ukutani, na ikikauka huifunika na kuififisha michoro.

Hapo ndipo penye kitendawili. Mhifadhi anaona uharibifu. Mwenye shamba lililokauka anaona sala. Tena wote wawili wanakipenda kilima kile kile.

Nafikiri jibu la kuwafukuza wenye kuomba ni jepesi mno. Tutazame Philae, kule Misri. Maandishi ya mwisho ya hieroglifu yanayojulikana yalichongwa katika hekalu hilo mwaka 394, na katika karne ya 6 mfalme Justinian akaamuru lifungwe. Mawe yake yapo, tena mazuri sana. Lakini hakuna anayeyaomba kitu. Watu huyapiga picha wakaenda zao. Kolo bado haijafikia huko.

Adui wa kweli wa Kolo ni yule anayechimba usiku chini ya miamba akitafuta mali ambayo husemwa kuwa Wajerumani waliificha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Huyo haombi wala hahifadhi. Dhidi yake, mhifadhi na mwenye tambiko ni wa upande mmoja. Basi na wakae kitako pamoja: pombe imwagwe ardhini, mbali na ukuta, na lango lisifungwe msimu wa kuomba mvua. Sheria iliyopangwa na wazee italindwa na kijiji kizima. Ile inayoletwa kwenye ubao wa matangazo italindwa na mlinzi mmoja tu, naye usiku hulala.