Risasi na Vioo vya Regina Mundi

Randburg ni mji mchanga. Ulianzishwa mwaka 1959, mitaa 13 ya kaskazini-magharibi mwa Johannesburg ilipounganishwa kuwa manispaa ya Wazungu. Waafrika waliingia asubuhi kupika, kufua na kutunza bustani. Waliotoka Soweto walirudi Soweto jioni. Huko, mtaani Rockville, kanisa la Kikatoliki la Regina Mundi, yaani Malkia wa Ulimwengu, lilifunguliwa mwaka 1962.

Mwenye kutafuta vioo vya rangi vya Zama za Kati hatavipata upande wowote wa jiji hili. Vipo Ulaya, kama katika kanisa la Fairford, mji mdogo wa Uingereza, ambako madirisha 28 yamedumu tangu mwanzo wa karne ya 16. Ufundi wake ni wa subira: vioo hukatwa vipande, huchorwa, huchomwa tanuruni, kisha hushikizwa kwa risasi. Kiswahili kimeyapa madini hayo jina moja na kinachotoka mdomoni mwa bunduki, na Regina Mundi imezijua zote mbili.

Bunduki ilitangulia. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi waliokataa kufundishwa kwa Kiafrikaans walikimbilia humo, polisi wakawafuata wakipiga risasi. Pembe ya altare ya marumaru ilivunjika, dari likatoboka. Watoto walijeruhiwa mbele ya msalaba; hilo halina udhuru. Kwa kuwa mikutano ya siasa ilipigwa marufuku, mazishi ndiyo yaliyokuwa mikutano, na watu wakaliita kanisa hilo bunge lao. Baadaye Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, iliketi humohumo kusikiliza ushahidi. Mwaka 1997 Rais Mandela alitangaza 30 Novemba kuwa Siku ya Regina Mundi.

Vioo vya rangi vilikuja mwaka 1998, zawadi ya Jolanta Kwaśniewska, mke wa Rais wa Polandi, vikisimulia maisha ya Bikira Maria. Zawadi hiyo ilifika mahali pake: Wapolandi wana Maria wao mweusi wa Częstochowa, na Regina Mundi ina Maria mweusi aliyechorwa na Larry Scully mwaka 1973.

Msomaji uliye Randburg, nenda ukaone. Jua likipita kwenye vioo, inua macho hadi darini pia: matundu ya 1976 hayakuzibwa.