Kuvu ya Mkarafuu na Majina Yake Matano

Aliyekulia Ole, kisiwani Pemba, anajua kwamba mkarafuu unaweza kuvunja ujirani. Babu yangu alikuwa na mkarafuu mkubwa mpakani mwa shamba lake. Baada ya vuno moja ukaanza kukauka, tawi baada ya tawi, kutoka nchani kuja shinani. Babu hakutafuta ugonjwa, alitafuta mtu. Akamwona jirani yake, ambaye siku chache kabla alikuwa ameusifu mti ule. Wazee wale hawakusemezana tena, na sisi watoto tukakatazwa kuchota maji kisimani kwa jirani.

Wiki hii, ndugu msomaji, namtaja mkosaji wa kweli. Ni kuvu, jamaa wa ule ukungu unaoota juu ya mkate uliolala.

Ilipewa jina kwa mara ya kwanza mwaka 1952. Wataalamu wawili, F. J. Nutman na F. M. Roberts, waliokuwa wakichunguza maradhi ya mikarafuu ya Zanzibar, waliieleza na kuiita Cryptosporella eugeniae. Waliitenga na maradhi mengine, yale ya kifo cha ghafla, ambayo huanzia mizizini na kuukausha mti mzima kwa muda mfupi. Hii yetu haina haraka. Huingia penye jeraha, hasa tawi lililovunjika wakati wa kuchuma, kisha hushuka polepole chini ya ganda.

Basi tawi lilivunjwa na nani? Na sisi wenyewe, tuliokuwa tukivuta kwa upembo ili pakacha lijae kabla ya magharibi.

Jina lile halikudumu. Mwaka 1969 kuvu ikahamishiwa ukoo wa Endothia. Mwaka 1986 watafiti wakaonyesha kwamba ndiyo ile ile inayotia vidonda mikaratusi ya Amerika, iliyoelezwa kutoka Kuba mwaka 1917; jina likawa Cryphonectria cubensis. Mwaka 2004, huko Pretoria, ukaundwa ukoo mpya, Chrysoporthe, maana yake mharibifu wa rangi ya dhahabu. Mtu atasema hizi ni hadithi za maprofesa wasio na kazi. Nami nilidhani hivyo, mpaka niliposoma ya mwaka 2010.

Mwaka huo vinasaba vilionyesha kwamba waliodhaniwa kuwa mmoja ni ndugu wawili. Mmoja yuko Amerika ya Kusini na Afrika ya Magharibi na Kati. Wa pili, aliyepewa jina la Chrysoporthe deuterocubensis, yuko Asia ya Kusini-Mashariki, na kuvu za upande wetu wa Afrika Mashariki ziliangukia fungu lake. Sasa kumbuka mkarafuu wenyewe ulitoka wapi: visiwa vya Maluku, ukapitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo ikawa shamba kubwa. Mimi nashuku mgeni alikuja na mgonjwa wake, ingawa njia aliyopita haijathibitishwa. Jirani wa babu, kwa vyovyote, hakuwamo.

Msikilizaji mmoja aliuliza kama kuvu za mitini zina dawa. Zipo zinazochunguzwa. Mwaka 1993 Wamarekani walitangaza kuvu iliyotolewa ndani ya mti ambao gome lake hutoa taksoli, dawa ya saratani, wakidai nayo huitengeneza. Kiasi kilikuwa kidogo mno, na waliopima upya mwaka 2013 hawakuthibitisha. Kwa Pemba, dawa iliyo hakika ni mafuta ya karafuu na makonyo, yale yanayotolewa kiwandani Wawi: yujenoli yake hutuliza jino, na katika maabara huzuia kuvu nyingi. Ajabu ni kwamba hii moja inakaa ndani ya mti huo huo na kula.

Nilipita Ole msimu wa karibuni. Kisiki cha babu hakipo tena. Mjukuu wa yule jirani alikuwa juu ya mkarafuu, akivuta tawi kwa nguvu. Nikamwomba asilivunje, na likivunjika alikate vizuri, asiliache likining'inia. Akacheka, akaniuliza tangu lini nimekuwa mganga.