Mwanga uliotoka mguuni ukaishia kwenye kope

Mashine inayotajwa sana siku hizi kwa matibabu ya macho makavu haikubuniwa kwa ajili ya macho. Ilibuniwa kuondoa vimishipa vyekundu vya damu vinavyojichora miguuni kwa watu weupe. Ikapanda hadi usoni kwa sababu za urembo, na ilipofika usoni ndipo wagonjwa wenyewe walipoanza kusema kwamba macho yao yamepata nafuu. Madaktari walikuja kutafuta maelezo baadaye.

Kwanza tuiangalie kope yenyewe. Mwaka 1666 daktari Mjerumani Heinrich Meibom, aliyefanya kazi katika mji wa Helmstedt, alieleza kwa kina tezi zilizojipanga wima ndani ya kope. Kope ya juu huwa na tezi kati ya 25 na 40, na ya chini kati ya 20 na 30. Kila tunapopepesa macho, tezi hizo hutoa mafuta kidogo yanayotandaa juu ya machozi ili yasikauke upesi. Mpaka leo zinaitwa tezi za Meibom.

Pamoja na ugunduzi huo, kwa muda mrefu ukavu wa macho ulichukuliwa kuwa ni upungufu wa maji tu. Mwaka 1933 Henrik Sjögren wa Sweden aliandika tasnifu kuhusu wagonjwa ambao macho na vinywa vyao vilikauka kwelikweli, na jina lake likabaki kwenye ugonjwa huo. Lakini wapo wagonjwa wengine, na ni wengi zaidi, ambao macho huwachoma na kuwakereketa kutwa nzima, kisha wakitoka kwenye upepo machozi yanawatiririka mashavuni. Mtu wa namna hiyo ukimwambia macho yake ni makavu atakuona unamtania. Mwaka 1980 watafiti Donald Korb na Antonio Henriquez walichapisha uchunguzi kuhusu watu walioshindwa kuvaa lenzi za machoni, wakaonyesha kwamba kilichoziba ni zile tezi za mafuta. Machozi yapo, ila hayana kifuniko, hivyo yanakauka kabla ya mtu kupepesa tena. Leo inakubalika kwamba hitilafu ya tezi hizi ndiyo inayoongoza kwa kusababisha macho makavu.

Wakati hayo yanaendelea, habari ya mwanga ilikuwa na njia yake. Mwaka 1903 Niels Finsen, mzaliwa wa Tórshavn katika Visiwa vya Faroe, alipata Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa taa kali ya umeme. Alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 43 tu, na dawa za viuavijasumu zilipokuja, taa zake zikasahauliwa. Kilichofufua tiba ya mwanga ni kanuni iliyotolewa mwaka 1983 na Rox Anderson na John Parrish wa Boston: kila rangi mwilini hunyonya mwanga wa aina yake, kwa hiyo ukichagua mwanga sahihi na kuumulika kwa muda mfupi sana, unaweza kuunguza mshipa wa damu bila kuunguza ngozi iliyoufunika.

Mwanasayansi wa Israeli, Shimon Eckhouse, aliichukua kanuni hiyo. Badala ya leza, yeye na wenzake walitumia taa ya gesi ya zenoni, ya jamii ileile ya fleshi ya kamera, yenye mwanga wa mawimbi mengi, na wakaweka vichujio vya kuzuia yasiyotakiwa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliiruhusu mashine yao mwaka 1995 kwa vimishipa vya miguuni. Teknolojia hiyo hujulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, IPL (intense pulsed light). Haikupita muda mrefu ikaingia kwenye saluni na kliniki za ngozi: kuondoa nywele, madoa, na wekundu wa uso unaoitwa rosasea.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari wa macho Rolando Toyos wa jimbo la Tennessee alikuwa akiwapiga wagonjwa wa rosasea mwanga huo. Wakarudi na habari ambayo hakuitarajia, kwamba macho hayawachomi tena kama zamani. Akaanza kuelekeza mwanga chini ya kope kwa makusudi.

Utaratibu wenyewe hautishi. Mgonjwa hufunikwa macho kwa vikinga mwanga, hupakwa jeli ya baridi mashavuni, kisha mashine hupiga mwanga mara nyingi kutoka upande wa sikio moja, kupita juu ya pua, hadi upande wa sikio la pili. Kila pigo huhisiwa kama joto la ghafla. Baada ya hapo daktari huminya kope kwa kifaa maalumu, na hapo ndipo ugonjwa unapoonekana kwa macho: badala ya mafuta mepesi, hutoka ute mzito uliopauka, kama samli iliyoganda. Hufanyika hivyo kwa awamu tatu au nne, zikipishana kwa wiki kadhaa.

Kwa nini husaidia? Wengine husema mwanga hufunga vimishipa vinavyochochea uvimbe kwenye ukingo wa kope, wengine wanataja joto linaloyeyusha mafuta, wengine vijidudu vya kwenye kope, viitwavyo Demodex, vinavyokufa. Mjadala haujafungwa.

Mwaka 2015 Toyos na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 91 waliotibiwa kwa miaka 3, na wengi wao walipata nafuu. Kwangu mimi huo ni ushahidi mwepesi, maana hapakuwa na kundi la kulinganisha. Uzito zaidi uko kwenye utafiti wa mwaka huohuo wa Jennifer Craig na wenzake huko New Zealand: watu 28, jicho moja likapigwa mwanga wa kweli na la pili likapewa wa kuigiza. Tabaka la mafuta liliimarika kwenye jicho lililotibiwa. Hata hivyo, mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2020 yalipata majaribio 3 tu ya kufaa kujumuishwa, yenye watu wazima 114 kwa jumla, na kuhitimisha kwamba ushahidi bado ni haba. Mwaka uliofuata, 2021, FDA iliidhinisha mashine ya kwanza ya IPL kwa macho makavu.

Idhini hiyo ina kifungu ambacho msomaji wa Kiswahili asikiruke. Inahusu ngozi za daraja la kwanza hadi la nne katika kipimo alichokianzisha Thomas Fitzpatrick wa Harvard mwaka 1975. Kipimo hicho chenyewe kilianza kwa ngozi nyeupe, na ngozi za kahawia na nyeusi, daraja la tano na la sita, ziliongezwa baadaye. Hapa si suala la ubaguzi peke yake. Melanini, rangi inayoifanya ngozi yetu kuwa nyeusi, hunyonya mwanga uleule uliokusudiwa kwa damu. Ngozi inaweza kuungua, kutoka malengelenge, na kubaki na mabaka meupe au meusi usoni. Yale majaribio 3 ya Cochrane yalifanyika New Zealand, Japani na China, Afrika haikuwamo.

Kwa hiyo, ukiwa na ngozi nyeusi na kliniki yoyote ikakutangazia tiba hii, uliza kabla ya kulipa: mashine hii imeidhinishwa kwa ngozi ya daraja gani, na aliyeishika amewatibu watu weusi wangapi? Jibu likiwa la kubabaisha, ondoka. Muone daktari wa macho akupime tezi zako, na akikushauri uanze kwa kukanda kope na kitambaa cha maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, usimdharau. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kawaida.