Suti Nyeupe Bungeni: Ripota Aliyeomba Muhula Mmoja Tu

Usiku wa kuamkia Mei 2, 1997, Waingereza walikuwa wakihesabu kura zilizouangusha utawala wa miaka 18 wa chama cha Conservative na kumwingiza Tony Blair wa chama cha Labour madarakani. Katikati ya kishindo hicho, macho ya wengi yalikuwa kwenye jimbo moja la mashambani, Tatton, mkoani Cheshire. Conservative walikuwa wamezoea kulichukua jimbo hilo bila jasho. Safari hii mambo yaligeuka. Martin Bell, ripota wa televisheni asiye na chama, alipata kura 29,354. Neil Hamilton, mbunge aliyekuwa akitetea kiti chake, alipata 18,277.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Bell alikuwa mtu wa BBC. Aliingia shirika hilo mwaka 1962 katika mji wa Norwich, akahamia London miaka mitatu baadaye, na safari yake ya kwanza ya kikazi ng'ambo ilikuwa Ghana. Baada ya hapo ikawa Vietnam, Biafra, Angola, Mashariki ya Kati, kisha miaka mingi Washington. Palipokuwa na moshi wa vita, Mwingereza aliyewasha televisheni jioni alimkuta Bell amesimama mbele yake, akieleza kwa sentensi fupi kilichotokea siku hiyo.

Vita vya Bosnia ndivyo vilivyompa jina lisilofutika. Alizoea kuvaa suti nyeupe hata kwenye uwanja wa mapambano, akiamini ina bahati. Agosti 25, 1992, akiwa Sarajevo anarekodi taarifa mbele ya kamera, kombora lililipuka karibu na vipande vyake vikampata tumboni. Alianguka picha zikiendelea kuchukuliwa. Watazamaji walimwona akiwa chini, amejeruhiwa, akiwatuliza wenzake kwamba atapona. Alifanyiwa upasuaji, akapona, akarudi Bosnia.

Aprili 1993 aliingia kijiji cha Ahmići pamoja na askari wa Uingereza waliokuwa chini ya Luteni Kanali Bob Stewart. Zaidi ya Waislamu 100 walikuwa wameuawa pale na wapiganaji wa Kikroati, nyumba zimechomwa, mnara wa msikiti umelala. Miili ya familia ilikutwa imeungua ndani ya nyumba. Bell alipeleka habari ile kwa watazamaji waliokuwa wakila chakula cha jioni. Kikosi kile cha Stewart kiliitwa kwa jina la mkoa wa Cheshire. Miaka minne baadaye mkoa huohuo ndio uliompeleka Bell bungeni.

Bosnia ilibadili mawazo yake kuhusu kazi. BBC ilimlea katika utamaduni wa kusimama katikati na kuzipa pande zote uzito ule ule. Bell akaanza kusema waziwazi kwamba mwanahabari hawezi kusimama katikati ya muuaji na anayeuawa, na kwamba mtu anayeripoti lazima ajali, pamoja na kujua. Wakubwa wa taaluma walimkosoa vikali, wakihofia ripota akishaanza kuchagua upande habari zitageuka mahubiri. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, nionavyo mimi, Bell alikuwa na haki ya kusema alichosema, kwa sababu hakuwahi kuacha kazi ngumu ya kwenda kuona kwa macho yake kabla ya kutoa hukumu.

Wakati yeye yuko Bosnia, nyumbani Uingereza siasa ilikuwa inanuka. Oktoba 1994 gazeti la Guardian liliandika kwamba wabunge wawili wa Conservative, Tim Smith na Neil Hamilton, walipokea fedha za Mohamed Al-Fayed, tajiri mwenye duka la Harrods, ili waulize maswali bungeni kwa faida yake. Smith alijiuzulu uwaziri mara moja. Hamilton alikana kila kitu, akaondolewa uwaziri, akalishtaki gazeti, kisha akaiacha kesi muda mfupi kabla haijaanza kusikilizwa. Uchaguzi ulipokaribia, chama chake jimboni kikamsimamisha tena.

Hapo ndipo Labour na Liberal Democrats walipofanya jambo la nadra. Waliwaondoa wagombea wao Tatton ili nafasi apewe mtu mmoja asiye na chama, mwenye jina safi. Waliyempata ni Bell. Aliacha kazi BBC na kuingia kampeni akiwa hana ofisi, hana fedha, hana hata sera ya kodi. Alikuwa na hoja moja: mbunge hanunuliwi. Akaahidi pia kwamba akichaguliwa atakaa muhula mmoja, basi.

Siku za mwanzo zilikuwa za aibu. Aliita wanahabari kwenye uwanja wa wazi wa mji wa Knutsford, jimboni humo. Kabla hajafika mbali, Hamilton na mkewe Christine wakatokea, wakapenya katikati ya kamera hadi wakasimama uso kwa uso na mgombea. Christine akamuuliza kama anakubali kwamba mumewe hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ripota aliyepita chini ya mizinga ya Sarajevo akababaika. Akajibu kwamba ndiyo, anakubali. Jioni ile taifa zima liliona picha hizo, na wachambuzi wakamhesabu kuwa ameshakwisha. Kuuliza maswali ilikuwa kazi yake kwa zaidi ya miaka 30, ila kuulizwa ni kazi nyingine kabisa, na alijifunza hadharani.

Kilichomwokoa ni watu wa Tatton wenyewe. Walijitolea kumfungulia ofisi, kubeba karatasi zake, kugonga milango, wengi wao wakiwa wapiga kura wa Conservative wa miaka yote waliochoshwa na kashfa. Binti yake Melissa alikuja kusaidia. Hata David Soul, mwigizaji wa Marekani aliyevuma kwa Starsky & Hutch, alifika kumpigia debe. Mwisho wa siku tofauti ilikuwa kura 11,077.

Wapo waliosema Bell ni kibaraka wa Labour. Jibu walilipata Novemba mwaka uleule. Ilibainika kwamba Labour ilipokea pauni milioni 1 kutoka kwa Bernie Ecclestone, bwana mkubwa wa mashindano ya magari ya Formula One, na serikali ilikuwa imeamua kuyaondoa mashindano hayo kwenye marufuku ya matangazo ya tumbaku. Bell alisimama bungeni na kumuuliza Blair kama haoni kwamba hata sura tu ya uovu inaweza kudhuru sawa na uovu wenyewe. Bila uamuzi wa chama cha Blair kumpisha Tatton, Bell asingekuwa amesimama pale. Hata hivyo, hakuna mnadhimu wa chama aliyeweza kumvuta shati akae chini. Labour ilirudisha fedha zile.

Kuhusu Hamilton, ripoti ya kamishna wa maadili ya Bunge, Sir Gordon Downey, ilitoka Julai 1997 na kusema ushahidi kwamba alipokea fedha ni mzito. Yeye aliendelea kukana. Alimshtaki Al-Fayed kwa kumchafulia jina, na Desemba 1999 akashindwa mahakamani.

Mwaka 2001 muhula uliisha. Wakazi wengi wa Tatton walimwomba Bell abaki, na angeweza kusingizia kwamba wananchi wamemlazimisha. Aliondoka. Kiti kikarudi Conservative, kikachukuliwa na kijana aitwaye George Osborne, aliyekuja kuwa waziri wa fedha. Bell akaenda kujaribu Brentwood and Ongar, mkoani Essex, akashindwa kwa kura 2,821. Mwaka 2010 alikuwa The Hague, akitoa ushahidi katika kesi ya Radovan Karadžić, kiongozi wa zamani wa Waserbia wa Bosnia, juu ya aliyoyaona Bosnia.

Kenya ina mfano wake wa karibu. Mohammed Ali, aliyejulikana kwa upelelezi wake wa Jicho Pevu katika televisheni ya KTN, alishindwa kupata tiketi ya chama cha ODM mwaka 2017. Akasimama bila chama Nyali, Mombasa, akashinda. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu. Mwaka 2022 alirudi bungeni kwa tiketi ya chama cha UDA, na hapo njia yake na ya Bell zikaachana.

Hapa Tanzania njia hiyo imefungwa. Ibara ya 67 ya Katiba inataka kila mgombea ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga mahakamani kwa miaka 20. Oktoba 1994, mwezi uleule Guardian lilipoandika habari za Hamilton, Mahakama Kuu ilimpa ushindi, na Bunge likabadili Katiba kuuzima. Alirudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006, na Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo mwaka 2010. Juni 14, 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Tanzania inakiuka haki za raia wake kwa kumlazimisha mgombea awe na chama. Mtikila alifariki Oktoba 2015 kwa ajali ya gari bila kuona hukumu hiyo ikitekelezwa.

Mwanahabari wetu anayetaka kugombea bado analazimika kuvaa kwanza sare ya wale aliokuwa akiwahoji. Bunge lina hukumu ya Arusha mezani tangu mwaka 2013. Liitekeleze.